Tupime Mkojo Kwanza, Kelele za Kaveera Baadaye

Marufuku ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, hapa Uganda sasa ina umri wa mtoto wa sekondari. Ilianza 2009 kwenye sheria ya fedha, 2015 NEMA, mamlaka ya mazingira, wakaingia supamaketi kukamata, 2019 ikaandikwa tena kwenye sheria ya mazingira, na leo ukishuka soko la Owino ama Kalerwe hapa Kampala nyanya zako zinawekwa kwa kaveera nyeusi kama kawaida. Mimi sina ugomvi na marufuku. Ugomvi wangu ni kwamba miaka yote hii tunabishana juu ya vitu tu, kaveera, chupa, mkebe, jerikeni, lakini nchi haijawahi kuweka mpango wa kuwashikisha watu vikombe na kuwaambia haya, kojoeni hapa tuone ni nini kimeingia mwilini na ni kiasi gani.

Kemikali ninazosema ni zile zinazoingilia homoni. Homoni ndio zinaambia mwili lini ukue, lini hedhi ianze, tezi ya shingo ifanye kazi kwa kasi gani, mtoto tumboni ajengeke vipi, na kazi yote hiyo zinaifanya zikiwa kidogo sana kwenye damu, kwa hiyo kitu kinachojifanya homoni hakihitaji kuwa kingi ndio kilete fujo. Kuna BPA ya plastiki ngumu na ya rangi inayopakwa ndani ya mikebe, kuna thaleti zinazolainisha plastiki ya PVC na kushikilia harufu kwenye pafyumu, parabeni za losheni, PFAS za makaango yasiyoshika chakula, DDT ya kuua wadudu, na dawa kadhaa za shamba. Na sio mambo ya jana. Mwingereza Charles Dodds alionyesha 1936 kwamba BPA inafanya kazi kama estrojeni, homoni ya kike, kwenye panya, alafu miaka ya 1950 viwanda vikaichukua hiyo hiyo vikaanza kutengenezea plastiki.

Sasa twende jikoni. Ukipita hoteli ndogo za Kisenyi, mtaa wa watu wa kipato kidogo Kampala, asubuhi utakuta sufuria la matoke liko juu ya makaa, chini kuna majani ya ndizi, katikati matoke yamefungwa kwa majani, juu majani tena, alafu juu ya yote kaveera nene imefunikwa na kuchomekwa pembeni pande zote hakuna mvuke unatoka. Inakaa hapo masaa. Ukimuuliza mpishi, mama, kwani majani hayatoshi? atakujibu bila kuinua macho, "Mwanangu, jani linapitisha mvuke na makaa ni bei, wewe utaninunulia makaa?" Hana makosa. Jani la ndizi mjini linauzwa, kaveera anapewa bure na kitu chochote anachonunua.

Wengi wakiona hilo sufuria wanasema hapo ndio sumu iko, tumemaliza. Mimi nasema bado, tena mbali. Polithini safi, ile plastiki ya kaveera, haitengenezwi na BPA, na wala haihitaji thaleti kama PVC inavyohitaji. Lakini ile kaveera ya rangi iliyotengenezwa na plastiki iliyoyeyushwa mara ya pili ama ya tatu ina nini ndani? Inategemea ilikuwa nini kabla. Upande wa pili kuna afisa wa Nakasero, mtaa wa wenye nacho, anayecheka hoteli za Kisenyi huku ofisini kwake anakunywa maji ya dispensa kutoka kwa lile dumu kubwa gumu la kuona ndani, ambalo kwa kawaida ni polikaboneti, yaani plastiki inayotengenezwa na BPA yenyewe, mchana anakula samaki wa mkebe, jioni mfukoni ana risiti nne za ile karatasi inayoandikwa kwa joto, na shati limelowa pafyumu. Nani kati ya huyu na mama wa Kisenyi ana mzigo mkubwa zaidi? Ukinijibu haraka najua unabahatisha.

Wazungu wana njia tatu za kujua mtu amekutana na kemikali kiasi gani. Ya kwanza ni hesabu ya mezani, unachukua kiwango kilichopimwa kwenye chakula, unazidisha na kiasi mtu anachokula kwa siku, unapata namba. Ya pili ni kumuuliza mtu mwenyewe, unatumia losheni gani, unapulizia dawa gani, mara ngapi kwa wiki. Ya tatu ni kupima mwili, mkojo, damu, maziwa ya mama, nywele. Kwao hizo mbili za kwanza zinasaidia sana kwa sababu chupa ina lebo na lebo kwa kiasi kikubwa inasema ukweli, na vyakula vyao viko kwenye majedwali. Hapa kwetu hizo mbili zinaanguka mapema. Hilo jedwali la Ulaya halina matoke yaliyopikwa chini ya kaveera, wala chipsi za moto zilizomwagwa kwa kaveera usiku pale steji, wala uji wa moto kwenye chupa ya soda iliyotumika mara kumi. Na ukija na swali la lebo, pafyumu inapimwa kwa sindano kutoka kwa chupa kubwa kuingia kichupa kidogo kisicho na jina, losheni ya kung'arisha ngozi imeandikwa kiungo hiki ndani kuna kingine, na dawa za shamba feki ni tatizo ambalo hata wizara inalisema hadharani. Mkulima ukimuuliza umepulizia nini atakuambia "dawa ya nyanya". Amesema kweli kabisa na wewe hujajua kitu.

Kwa hiyo watu wanaposema kupima miili ni anasa ya nchi tajiri wanageuza mambo juu chini. Tajiri ndio angeweza kukaa bila kupima, kwa sababu ana karatasi za kumwambia. Sisi ambao karatasi zetu zinadanganya, mkojo ndio ushahidi peke yake usiohongwa.

Chukua nyanya. Kila mtu aliyenunua nyanya Uganda anajua ule unga mweupe, unaupangusa na kidole unabaki, wengine wanaufuta kwa leso wanaendelea kula. Mara nyingi ule ni mankozebu, dawa ya kuvu, na wauzaji wengi watakuambia bila aibu kwamba nyanya yenye nyeupe inakaa siku nyingi kwa banda. Mankozebu ikivunjika inatoa kitu kinaitwa ETU ambacho kinasumbua tezi ya shingo, na mama mjamzito tezi yake ikiyumba ni ubongo wa mtoto unaoguswa. Umoja wa Ulaya ulikataa kuipa mankozebu kibali kipya mwishoni mwa 2020, na sababu mojawapo ni hii ya homoni. Sasa utamu wa hii stori kwa mtu wa vipimo ni kwamba ETU inatoka kwenye mkojo na inapimika, na watafiti wa Makerere na wenzao wa Ulaya wamekuwa wakichukua mikojo ya wakulima wadogo na wapuliziaji huko Wakiso. Hapo unaacha kubishana kuhusu unga uliouona kwa macho, unaongea kuhusu mtu. Lakini hao ni wapuliziaji. Mlaji wa nyanya wa Ntinda, mama wa Busia anayekata kachumbari ya watu wa magari makubwa kila siku kwa mikono mitupu, hao mpango wa taifa wa kuwapima haupo.

Lakini kupima nako kuna uongo wake, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu ndio sehemu inayonifurahisha.

Kemikali hizi ni makundi mawili. Kuna zinazokaa na kuna zinazopita. DDT na ndugu zake zinajificha kwenye mafuta ya mwili miaka, PFAS zinakaa kwenye damu miaka pia, kipimo kimoja kinakupa picha nzuri. BPA na thaleti hazikai, nusu ya BPA inatoka mwilini ndani ya masaa kama sita tu, thaleti chini ya siku moja. Maana yake mkojo wa asubuhi na mkojo wa jioni wa mtu yule yule vinaweza kupishana vibaya sana, umekula samaki wa mkebe saa saba umepimwa saa kumi unaonekana hatari, ungepimwa kesho yake asubuhi unaonekana msafi. Marekani walipima watu 2,517 mwaka 2003 na 2004 wakakuta BPA kwa karibu asilimia 93 yao. Fikiria maana yake, kitu kinachoondoka kwa masaa machache kinakutwa kwa karibu kila mtu. Ni kwamba kinaingia kila siku, kikitoka hiki kinaingia kingine. Kwa kundi kubwa kipimo kimoja kimoja kinatosha kuonyesha hali ya nchi, ila kwa mtu mmoja mmoja usithubutu kumwambia wewe una nyingi kwa sababu ya kikombe kimoja, unahitaji mikojo ya siku kadhaa, ama unaichanganya ya siku kadhaa unapima mara moja. Na kama mtu amekunywa maji lita mbili mkojo unakuwa mwepesi na namba inashuka bure, kwa hiyo lazima urekebishe kwa kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo, ama kwa uzito wa mkojo wenyewe.

Alafu uchafu wa maabara. Thaleti ziko kila mahali, kwenye mabomba, kwenye glavu, kwenye vumbi la chumba chenyewe. Ukitafuta thaleti yenyewe kwenye sampuli utapima maabara yako badala ya mgonjwa. Ndio maana wajuzi wanatafuta kile ambacho mwili peke yake unaweza kutengeneza baada ya kuivunja, mabaki yake, kwa sababu vumbi halina ini.

Na hata hapo kuna mtego mwingine. BPA ikiingia, ini linaifunga na aina ya sukari ili itoke na mkojo. Njia ya zamani ya kupima inatumia enzaimu, mara nyingi ya konokono, kuifungua hiyo sukari kwanza alafu inahesabu BPA iliyo huru. Sawa, je enzaimu isipomaliza kufungua? Desemba 2019 Roy Gerona, Patricia Hunt na Frederick vom Saal wa Marekani walitoa utafiti kwenye jarida la kundi la Lancet, walipima mikojo ya wajawazito kwa njia ya moja kwa moja, yaani wanahesabu ile iliyofungwa ikiwa imefungwa hivyo hivyo, wakapata wastani ulio juu mara 44 kuliko ule wa takwimu za taifa lao. Mara arobaini na nne! Sampuli zao zilikuwa chache, hilo lazima lisemwe. Lakini hata kama ukweli uko nusu ya hapo, maana yake wakubwa wa usalama wa chakula walikuwa wanatuliza watu kwa miaka kwa kutumia namba ya konokono aliyechoka.

Na upande wa kikomo cha usalama nako hakukai. Mamlaka ya chakula ya Ulaya ilikuwa inasema 2015 kwamba mtu anaweza kupata mikrogramu 4 za BPA kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku bila shida. Aprili 2023 ikashusha mpaka nanogramu 0.2, mara 20,000 chini. Wajerumani wao kwenye taasisi yao ya BfR wakasema hapana, ziwe nanogramu 200. Tofauti ya mara elfu moja kati ya watu waliosoma makaratasi yale yale. Mwisho wa 2024 Umoja wa Ulaya ukaamua kuipiga marufuku BPA kwenye vitu vinavyogusa chakula. Kwa hiyo mtu wa hapa akikuambia "tumepima iko chini ya kiwango cha kimataifa", muulize kiwango cha mwaka gani na cha nani, na umepima kwa njia ipi, alafu ukae kitako usikilize.

Hapa ndio kuna faida ya kuchelewa, na hatuna faida nyingi za kuchelewa kwa hiyo hii tuikamate. Tukianza leo tusinunue njia iliyochoka. Tuanze na ya moja kwa moja kwa kemikali zinazowezekana, tuweke sampuli nyingine kwenye friza kwa ajili ya maswali ambayo hayajaulizwa bado.

Najua mtu ataniambia haya mambo ya kupima yanasaidia nini, tupige marufuku tu. Yanasaidia kwa sababu yanaonyesha kilicho na nguvu. California, kwenye utafiti uliotoka 2016, walichukua wasichana 100 wa Salinas wakawapa vipodozi vingine visivyo na thaleti, parabeni na triklosani, dawa ya kuua vijidudu, kwa siku tatu tu, mabaki ya thaleti ya kwenye manukato yakashuka asilimia 27 kwenye mkojo, parabeni zikashuka kama asilimia 44. Siku tatu. Kwenye utafiti mwingine uliotoka 2011 familia tano walikula vyakula vibichi visivyo vya mkebe wala plastiki siku tatu, BPA ikashuka asilimia 66. Mwaka huo huo watu 75 walikunywa supu ya mkebe siku tano, BPA ikapanda zaidi ya asilimia 1,000. Sasa nifanyie hivyo hivyo Kisenyi. Wiki moja hoteli ipike na kaveera, wiki nyingine ipike na kifuniko cha bati na kitambaa, pima mikojo ya wateja wa kila siku. Ikishuka, una silaha ya kwenda nayo bungeni na kwa huyo mama mwenyewe, pamoja na pesa ya kifuniko. Isiposhuka, tumwache mama na makaa yake twende tukaangalie saluni, ambako dada anakaa masaa kumi kwa siku ndani ya moshi wa dawa za nywele na manukato, na mimi kama ningebeti ningebeti huko.

Kuhusu uwezo, nikisikia eti Uganda haiwezi nacheka. Hii ni nchi ambayo mradi wa utafiti wa Kyamulibwa umefuata watu wale wale tangu 1989 ukichukua damu zao, wa Rakai tangu 1988, na mwaka 2016 mpaka 2017 timu zilipita nyumba kwa nyumba nchi nzima kuchukua damu kwa ajili ya utafiti wa virusi vya ukimwi zikarudia tena 2020. Friza za maabara za Entebbe zinajua kazi, jenereta linajua kazi, VHT, mhudumu wa afya wa kujitolea kijijini, anajua kumwelezea mzee kwa nini damu yake inatakiwa. Mkojo ni rahisi kuliko damu, hauna sindano. Kinachokosekana ni mashine na pesa ya kuitunza, na hizo mashine ni ghali kweli, kwa hiyo mwanzoni sampuli nyingine zitapanda ndege, ziende, ila kwa mkataba unaosema namba zinarudi hapa kwanza na mtu wetu amekaa kwenye hiyo maabara anajifunza, sio jina lake tu limewekwa la nane kwenye makala.

Na kwa zile zinazokaa kuna njia ya bei nafuu ambayo tumeshaitumia. Shirika la Afya Duniani na lile la mazingira la Umoja wa Mataifa wana utaratibu wa maziwa ya mama, wanachukua kwa akina mama 50 walio na mtoto wa kwanza, wanachanganya yote wanapima kama sampuli moja. Kwa nini mtoto wa kwanza? Kwa sababu kunyonyesha ndio njia mojawapo kubwa ya mwili wa mama kutoa hivi vitu, mtoto wa kwanza anapata akiba ya miaka yote, wa pili anakuta imepungua. Na kabla mtu hajaanza kuogopesha wamama, mashirika hayo hayo yanasema mama aendelee kunyonyesha, faida ni kubwa kuliko hilo. Uganda ilishiriki 2009, na baadae watafiti wa Makerere wakapima maziwa ya akina mama wa Kampala na Nakaseke wakitafuta kemikali za kuzuia moto zinazotoka kwenye sofa, magodoro na vifaa vya umeme, wakazikuta. Kumbuka 2008 DDT ilipopulizwa Apac na Oyam kwa ajili ya malaria, jambo likaishia mahakamani, na hoja iliyovuma kuliko zote ilikuwa pamba ya oganiki kukosa soko Ulaya. Pamba ilikuwa na mnunuzi anayepima. Watu waliolala kwenye zile nyumba hawakuwa na mnunuzi.

Swali gumu ni ukishapima unamwambia mtu nini. Kwenye virusi kuna dawa, unampa jibu na unampa rufaa. Hapa unamwambia dada wa saluni ana thaleti nyingi kuliko wenzake, hakuna kidonge, hakuna kliniki, na kazi hiyo ndio inalipa karo. Wapo wataalamu wanaosema basi usimpe majibu mpaka sayansi ikamilike. Mimi sikubaliani nao. Ni mkojo wake. Mpe namba yake, mpe na ya wenzake alinganishe, mwambie wazi kwamba kikombe kimoja kinayumba, mwambie vitu viwili vitatu anavyoweza kubadilisha bila kufunga biashara, kama kufungua dirisha na kuvaa glavu, na wenye saluni waambiwe wastani wa mtaa mzima. Yeye mtu mzima, ataamua.

Pesa ikitosha watu mia tatu tu, ningeanza na wapuliziaji wa nyanya, madada wa saluni, na wajawazito. Hao wa mwisho hata sio kazi mpya, kliniki zinawaomba mkojo tayari kuangalia protini na sukari, nesi anachovya kijiti anasoma rangi alafu unaobaki unamwagwa. Kabla ya kumwaga, mililita kumi ziingie kwenye kichupa ambacho maabara imekihakiki kwamba chenyewe hakitoi plastiki, namba ya siri iandikwe, saa ya kukojoa iandikwe, na kiende kwenye friza la maabara mpaka gari la maabara ya serikali ya Wandegeya lipite.